Debe la mahindi na barua za babu kutoka vitani

SWALI

Mzee Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Usangi katika milima ya Upare, kwa sasa nafanya kazi Dar es Salaam. Desemba hii ukoo wetu unakutana nyumbani, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye kompyuta, wazee wamenitwisha kuandika kijitabu cha familia: babu na bibi walikutanaje, shamba lilianzaje, nani kamzaa nani. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi mbili.

Habari tuliyokua nayo ni hii. Babu alichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akapigana Burma, akarudi 1946 na koti la jeshi na nishani. Asubuhi moja akapita kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji ya mashamba, akamkuta binti anafungua maji ya zamu ya kwao. Akaomba maji ya kunywa. Binti akamjibu bila kuinua uso, "Maji ya mfongo hayaombwi, yana zamu." Babu akacheka, akaenda kutafuta mshenga siku hiyohiyo. Fedha za vita zikatoa ng'ombe wa mahari, zilizobaki zikapanda kahawa yetu ya kwanza. Hakuna harusi ya kwetu inayopita bila mtu kusimulia hayo, na anayesimulia vizuri kuliko wote ni bibi mwenyewe. Ana miaka 98, sikio la kushoto limekuwa zito, lakini akili ni wembe. Babu alifariki 1989.

Mwezi wa sita nilikwenda kumsalimia. Akaniomba nimtolee shali kwenye sanduku lake la bati. Chini ya shali nikakuta kopo la biskuti lenye kutu, na ndani ya kopo barua 11 zilizoandikwa kwa penseli. Sikumuuliza. Nilizipiga picha usiku akiwa amelala, nikazisoma kwenye basi nikirudi.

Kumi babu amemwandikia kaka yake bibi, yule mkubwa aliyekuwa amepitia shule. Zimechanika kwenye mikunjo kwa kushikwashikwa, nyingine unazisoma vipande vipande. Zote zinaanza vilevile: "Salaam sana, na baada ya salaam mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Kisha anauliza ng'ombe, anauliza mvua za vuli, anauliza kama ndiva, bwawa la maji ya mfongo, imezolewa matope. Mwishoni mwa kila barua pana mstari mmoja usiobadilika: "Nisalimie yule anayefungua maji alfajiri."

Ya kwanza ni ya Novemba 1943. Kumbe walijuana zamani! Hilo peke yake lingenichekesha. Lakini ya Aprili 1944 inasema, "Yule mwenzangu tuliyepanda naye treni Same, aliyepelekwa mizinga, tulikuwa tunamngoja huku, na", halafu karatasi imekatwa kwa wembe, pana tundu la mistari miwili, halafu inaendelea, "basi mama yake mwende mkakae naye."

Ya kumi na moja ilikuwa imefungwa peke yake kwenye kitambaa, imekunjwa na kukunjwa hadi ikawa kama kipande cha sabuni. Ni ya Septemba 1945. Inasema hivi:

"Neno hili si la kaka yako, linapita tu kwake. Yule mwenzangu alikutaka kabla yangu, nami nilijua, nikanyamaza. Tulipoagana kambini aliniambia, nisiporudi mimi, nenda wewe, ila mama yangu asilale njaa. Sasa vita vimekwisha, nakuja. Neno ni lako. Ukikataa, mama yake nitamlisha vilevile."

Mzee, tangu nikiwa na miaka saba, kila mavuno bibi alikuwa ananitwisha mahindi, "Peleka kule ng'ambo ya bonde." Nikiuliza kwa nini, ananijibu, "Ni ya kwao." Zamani babu alikuwa akipeleka mwenyewe, debe zima begani. Alipofariki, debe halikukosa hata mwaka mmoja, ingawa yule mama alishazikwa kitambo na wanaopokea sasa ni watoto wa wajukuu zake. Siku zote nilidhani ni deni la shamba.

Nilimpigia shangazi, mtoto wa kwanza wa bibi. Akaniambia nifute zile picha na nifunge mdomo: "Unataka watu waseme mama yetu alirithishwa kama koti?" Baba mdogo naye anataka zote zisomwe mbele ya ukoo kwa kipaza sauti, na watu wa ng'ambo waalikwe wasikie. Mimi linalonichoma ni lile "nenda wewe". Wanaume wawili wanaachiana bibi yangu kambini kama wanapokezana lindo.

Niandike lipi? Nikimuuliza bibi si nitamtonesha kidonda? Kusoma anajua, alijifunza ukubwani kwenye kisomo, cheti chake kinaning'inia karibu na saa ya ukutani. Na jambo dogo: kwenye picha ya babu, begani pana alama ya kichwa cha kifaru. Nyumbani hakuna anayejua maana yake.

Mbeba debe, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba, mjukuu wangu.

Ulifanya vibaya kuzisoma usiku kwa kunyemelea. Si kosa la kukukosesha usingizi, lakini dawa yake ni moja: umwambie bibi kwamba umesoma. Shangazi na baba mdogo wamekwishajua. Mwenye kopo bado. Hapo ndipo mambo yalipokaa upande.

Ila kabla hujapanda basi, tuzisome pamoja, maana naona umezisoma kama ujumbe wa simu, wa mtu mmoja kwa mtu mmoja. Barua za miaka ile hazikuwa hivyo. Mimi nikiwa darasa la nne nilikuwa msomaji wa barua wa kitongoji chetu. Barua ikifika, majirani wanaitwa, mtoto unasimamishwa katikati, unasoma kwa sauti, ukimaliza unaambiwa rudia. Moja niliwahi kuisoma mara tano mchana mmoja, hadi salaam nikazijua kwa moyo. Nikagundua kuna mistari watu wanaingoja. Ukiikaribia, mwiko unatulia chunguni huko jikoni.

Kwa hiyo "nisalimie yule anayefungua maji alfajiri" ilisikiwa na baba yake bibi, mama yake, na nusu ya kijiji, mara kumi, kwa miaka miwili. Mikunjo iliyochanika ndiyo ushahidi. Kijana hakuwa na ruhusa ya kumwandikia binti wa watu ambaye hajaposwa; alimwandikia kaka mtu, akauliza habari za ng'ombe, na binti akapata mstari wake mkiani. Wewe umeona siri. Mimi naona adabu, tena ya mtu mwenye subira.

Na alikuwa na sababu nyingine ya kuandika kwa kuzungukazunguka. Barua za askari zilipita kwa maafisa kabla ya kutumwa. Mahali, meli, safari za vikosi, yote hayo yalifutwa au kukatwa. Tundu lako la wembe ni la mtu wa namna hiyo.

Kile kifaru ndicho kinachotuonyesha babu alipopita. Ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1943 ilipelekwa Ceylon, leo Sri Lanka, ikafanyiwa mazoezi huko, kisha katikati ya 1944 ikaingizwa Burma. Iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, matope yakiwafika watu magotini na magari yakizama, na Desemba ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Zitazame upya tarehe za barua zake. Inawezekana swali la ndiva kuzolewa matope liliulizwa na mtu ambaye mwenyewe hajakauka kwa miezi.

Basi Aprili 1944 babu alikuwa Ceylon bado, anamngoja mwenzake wa mizinga. Tarehe 12 Februari mwaka huo meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa katika msafara kutoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, na mamia kati yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Siapi kwamba kijana wa ng'ambo ya bonde alikuwemo, ila tarehe, mizinga na lile "tulikuwa tunamngoja" vinaelekea upande mmoja. Majina ya askari waliopotea na meli hiyo yamo kwenye mnara wa kumbukumbu ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha yake kwenye mtandao, unatafuta bila malipo. Usikate tamaa jina lisipotokea mara ya kwanza. Makarani waliandika majina yetu kwa jinsi masikio yao yalivyosikia, l ikawa r, na wengine jina la baba ndilo limewekwa mbele.

Sasa lile linalokuchoma. Vijana wawili, hawajui nani atarudi, mmoja anasema "nenda wewe". Ukiishia hapo, una haki ya kukasirika. Lakini wewe mwenyewe umeninakilia mistari miwili inayofuata na hukuikalia. "Neno ni lako." Halafu: "Ukikataa, mama yake nitamlisha vilevile." Kwa maneno hayo babu aliyaweka mahindi kando na ndoa kando. Angeweza kunyamaza na kuja na mshenga, au kumwambia binti kwamba marehemu ameusia hivyo, ni nani angembishia? Badala yake alimfungulia mlango wa kukataa, akamhakikishia kwamba akikataa hakuna bibi kizee atakayelala njaa kwa ajili yake. Nimewaona wachumba wa leo wenye simu mbili wasiojua kuandika hivyo.

Shangazi yako umwelewe, anamlinda mama yake. Ila koti hapo halipo. Barua inasema "alikutaka", haisemi alikuposa. Katika milima ile hiyo haikuwa tofauti ndogo. Kutaka ni jambo la moyo wa mtu. Kuposa kuna mshenga, kuna ng'ombe, kuna dengelua, pombe ya miwa, inayonywewa na wazee wa pande mbili. Hakukuwa na cha kurithisha.

Halafu hadithi ya mfongo. Unaona barua zimeiua. Mimi naona ndiyo kwanza imepata maana, na nilipofika hapo niliweka karatasi yako mezani nikachemsha chai kwanza. Mtu amekaa vitani miaka, ametuma barua yenye swali moja, "neno ni lako", na kwenye kopo lako hakuna jibu. Anarudi 1946. Anapita pale anapojua kabisa nani hufungua maji alfajiri. Anaomba maji. Na binti ambaye amekwishaipata ile barua, ambaye anajua nani alimtaka kwanza na kwamba hatarudi tena, anajibu bila kuinua uso: "Maji ya mfongo hayaombwi, yana zamu." Babu akacheka, akaenda kutafuta mshenga. Ninyi mmecheka harusini miaka yote mkidhani ni binti mjeuri.

Huenda nimekosea. Anayejua ni mmoja na yuko hai, kwa hiyo twende kwake.

Usiende na simu ya kurekodi mezani kama mwandishi wa habari. Kaa upande wake wa kulia, mchambue maharage pamoja, muda upite. Usianze na barua, anza na debe: "Bibi, wale wa ng'ambo ni nani kwetu?" Mwache ajibu au asijibu. Kisha kiri. "Niliona kopo, nikasoma, nisamehe." Kuhusu kumtonesha kidonda, mtu ambaye kila mavuno kwa karibu miaka 80 amepima mahindi na kuyatuma nyumba ileile hajakisahau kidonda chake. Akisema liache, liache, na kijitabu kitabaki na hadithi ya mfongo, ambayo si uongo.

Akikubali kusema, mchukulie na habari za shamba pia, maana mmezoea kusema fedha za babu ndizo zilizolipanda. Januari 1945, babu akiwa bado vitani, maelfu ya Wapare waliteremka Same kuipinga kodi ya mbiru, ile ya kumkadiria kila mtu kwa mali yake. Wanaume waliacha nyumba zao, na baadaye wanawake nao waliingia katika mgomo. Muulize bibi baba yake alikuwa wapi mwaka huo, na ni mikono ya nani iliyozoa matope ya ndiva. Kuna mtu alikuwa akifungua maji alfajiri wakati wenye fedha za vita hawajarudi, na kijitabu chenu hakijamtaja.

Lipo swali jingine, hili ni la udadisi wangu mwenyewe. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na cheti cha bibi pengine ni cha miaka hiyo. Kama ni hivyo, mwaka 1945 ile barua ya kumi na moja alisomewa na mtu. Alisomewa na nani, tena yote? Au ilipita mikononi kwake ikiwa imefungwa, na zile sentensi mbili za mwisho akaja kuzisoma mwenyewe miaka 25 baadaye, mumewe yuko nje anapalilia kahawa? Ukipata jibu niandikie, hata kama gazetini halitoki.

Baba mdogo umwambie barua si za aina moja. Kumi zilikwishasomwa hadharani zamani, na bibi akiridhia zinaweza kusomwa tena Desemba, wala sina neno, mpeni mtoto wa darasa la nne asimame katikati. Ile iliyokunjwa kama sabuni haikupata kuwa ya watu. Hiyo haiingii kwenye kipaza sauti wala kwenye kijitabu mpaka mwenyewe aseme kwa mdomo wake, na akisema ndiyo leo, muulize tena kesho yake asubuhi.

Na watu wa ng'ambo wasialikwe kuja kusikia habari ya marehemu wao kwa mara ya kwanza kwenye sherehe ya wengine, wakiwa na sahani ya pilau mkononi. Ukilipata jina lake Nairobi, mchukue mzee mmoja wa kwenu mwende kwao kabla ya Desemba, mkae, mwaambie. Nao wana haki ya kujua kwanza. Tena waulize kama mama yao aliacha kopo. Kijana aliyemtaka binti na akaondoka naye pia alikuwa na penseli.

Zile karatasi usizitie gundi ya selotepu wala plastiki ya kubana kwa moto. Zipige picha upya mchana, dirishani, bibi akiwa macho, kisha zirudi kwenye kitambaa chake na kopo lake, chini ya shali. Shangazi naye mwombe awepo siku hiyo, asihadithiwe kwa simu.

Debe la mwaka huu limekwishapelekwa? Kama bado, usimpe kijana wa bodaboda.